Dada kadi imekufa: miaka mitatu ya kumtumia mdogo wangu hela Urusi

Ujumbe uliingia saa mbili usiku ndo kwanza nimefika zamu, nahangaika kuvua koti, simu ikatetemeka. "Dada kadi imekufa." Mi nikajua ameipoteza au imemezwa na mashine, nikamjibu poa ntakupigia nikitoka, kumbe mwenzangu kasimama kaunta ya supamaketi kule Voronezh, foleni nyuma yake, ana mkate, mayai na grechka, ile nafaka ya kahawia ambayo aliyesoma Urusi hawezi kuisahau maana ndo inavusha watu mwisho wa mwezi. Kadi inakataa, akaomba wajaribu tena, ikakataa tena, akarudisha vitu kimoja kimoja huku watu wanamwangalia. Hiyo ni Machi 2022.

Kadi yenyewe ilikuwa ya benki ya nyumbani, Visa ya kawaida kabisa. Miaka yote mambo yetu yalikuwa mepesi hata hatukuwa tunayafikiria, mi niko Ujerumani nahudumia wazee, yeye anasoma udaktari Urusi, naweka hela kwenye akaunti yake ya nyumbani, yeye anachomeka kadi kwenye mashine yoyote mtaani kwake inatoka ruble, basi. Alafu tarehe 24 Februari vita ya Urusi na Ukraine ikaanza, tarehe 5 Machi Visa na Mastercard wakatangaza wanasimamisha shughuli Urusi, na kuanzia tarehe 10 kadi yao yoyote iliyotolewa nje ya nchi ile ikawa kipande cha plastiki. Zile zilizotolewa na benki za kule kule ziliendelea kufanya kazi humo ndani kwa sababu miamala yao ya ndani inapita kwenye mtambo wao wenyewe, ila mpaka hazivuki. Mi habari hizo nilikuwa nazisikia juu juu tu kama habari za matajiri wanaokamatiwa meli zao za starehe, sikuwahi kufikiri zitamfikia mtoto wa mama yangu akiwa ameshika trei ya mayai.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ni la wiki mbili. Western Union walitangaza kabisa kwamba wanafunga Urusi na Belarus na mwisho ni tarehe 24 Machi, kwaiyo nilikuwa na siku za kutosha kumtumia hata kodi ya hosteli ya miezi mitatu na ya kula juu. Nikatuma euro 150. Mia na hamsini! Nikajisemea mambo yatatulia, kwa nini nijibane mwezi huu. Kule sukari imeadimika madukani, watu wanagombania mifuko, wanafunzi wameanza kukopeshana mpaka wanaokopesha wameishiwa, na mi nimekaa na akiba yangu nasubiri yatulie. Tarehe 25 nikaingia kwenye programu ya simu kutuma tena, nikachagua nchi, Urusi haipo kwenye orodha. Imefutwa tu kama vile haijawahi kuwepo duniani.

Mama nyumbani alikuwa hanielewi kabisa. Kila jioni ananiandikia neno moja, "Imefika?" Nikimwambia bado anapiga, "wewe si uko Ulaya? Ulaya nzima hamna mtu wa kutuma hela?" Nikamweleza vikwazo ni nini, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, alafu akasema, "sasa mwanangu yeye kampiga nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Aprili ndo nikakaa chini kusoma. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaishia kwenye "Urusi haiendi" na mi nilikuwa hivyo hivyo, wakati ukichimba unakuta ni mambo matatu tofauti yamechanganywa kwenye neno moja. La kwanza ni SWIFT. SWIFT haibebi hela, ni mtambo wa benki kupelekeana ujumbe, na waliotolewa siyo Urusi yote, Umoja wa Ulaya ulitoa benki saba kuanzia tarehe 12 Machi, VTB wakiwemo, Juni wakaongeza nyingine, Sberbank ikiwemo, lakini zipo zilizobaki. La pili ni orodha ya watu na taasisi ambao mali zao zinazuiliwa, hao hutakiwi kuwapa hata senti, na Marekani wana orodha yao, Ulaya wana yao, Uingereza wana yao, na hazifanani, benki inaweza kuwa safi kwa mmoja na chafu kwa mwingine. La tatu, na hili ndo lililonitesa mimi kuliko yote, ni benki yako mwenyewe kuamua kwamba sheria imeruhusu lakini sisi hatutaki usumbufu.

Maana sheria yenyewe haikunikataza. Mtu binafsi kumtumia ndugu yake hela ya kula, ndugu ambaye hayupo kwenye orodha yoyote, kupitia benki ambayo haipo kwenye orodha yoyote, hilo halijapigwa marufuku Ulaya. Hata Wamarekani walipozuia noti za dola kupelekwa Urusi mwezi huo huo wa Machi waliacha mlango kwa hela za kifamilia zisizo za biashara. Nilipoenda benki kwangu na hayo maelezo yule dada wa kaunta akaniambia "huko hatutumi tena". Nikamuuliza ni sheria ipi, akasema ni utaratibu wa ndani. Nikaomba anipe kwa maandishi, akaenda nyuma, akarudi na fomu. Sisemi fomu ilikuwa ni ushindi, ila ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki tano mtu hajaniambia hapana.

Sasa shida ikawa upande wa Dogo. Akaunti yake ya kule ilikuwa kwenye benki kubwa ya serikali ambayo chuo kinaingizia posho, ana kadi ya Mir, ile kadi ya Warusi wenyewe, inafanya kazi vizuri tu dukani, lakini benki yenyewe iko kwenye orodha. Kwaiyo ikabidi afungue akaunti nyingine kwenye benki ambayo haijaguswa, na zilizokuwa hazijaguswa ni chache, zikiwemo zile ambazo mzazi wake yuko Austria au Italia. Kufungua akaunti kwa mwanafunzi mgeni siyo kwenda na pasi tu ukatoka na kadi, wanataka pasi iliyotafsiriwa na kugongwa muhuri wa mthibitishaji, karatasi ya usajili wa makazi, kadi ya uhamiaji, viza, barua ya dekanat, yaani ofisi ya mkuu wa kitivo, na tawi la kwanza wakamwambia hatufungulii wageni kwa sasa, la pili wakamwambia rudi wiki ijayo. Uwanja wa ndege wa Voronezh ulishafungwa tangu siku ile ya vita, kwaiyo alipanda treni usiku mzima kwenda Moscow, akafungua huko. Nauli alikopa.

Na hapo ndo tukakutana na jambo ambalo nikisimulia watu wanacheka. Jina. Warusi wakiandika jina lako wanaliandika kwa herufi zao, alafu mashine ya benki inalirudisha kwenye herufi zetu kwa kanuni yake, na linalorudi siyo lile lililoenda. Kama unaitwa Juma, unarudi Dzhuma. Hamisi anakuwa Khamisi. Mwenye W kwenye jina inageuka V. Mimi nikatuma kwa jina la kwenye pasi, akaunti ina jina la Kirusi-Kirusi, benki ya kule ikaona huyu siye, ikaishikilia. Siku kumi na moja za simu na barua pepe kwa ajili ya herufi. Tangu hapo nilikuwa namwambia Dogo anipigie picha ya karatasi ya akaunti yenyewe, jina lilivyoandikwa na benki, naliandika hivyo hivyo hata kama linaniuma macho, na kwenye maelezo naongeza jina la pasi na namba ya pasi.

Lakini jina lilikuwa na balaa la pili, kubwa zaidi. Sisi wenye majina ya pwani, majina ya Kiislamu matatu yamepangana, ujue kwamba kwenye orodha za vikwazo za dunia hii yamejaa majina yanayofanana na yetu. Kompyuta ya benki haijui kwamba mko maelfu, inaona yanafanana inapiga kengele. Euro 400 nilizotuma Mei zilisimamishwa njiani, siyo kwenye benki yangu wala yake, ni kwenye benki ya katikati ambayo hata sikujua ipo. Hapo ndo nikajifunza kwamba benki yangu na benki yake hazijuani moja kwa moja, kuna benki wakala inayoshika hela hapo katikati, wakati mwingine ziko mbili, na kila moja ina watu wake wa komplayansi, wale wa kukagua kama sheria zinafuatwa, ambao ukiwauliza hawakujibu kwa sababu wewe siyo mteja wao. Wakaiuliza benki yangu, benki yangu ikaniuliza mimi: je mpokeaji ndiye mtu huyu aliyezaliwa mwaka fulani? Mwaka wenyewe, mama yetu alikuwa bado hajaolewa. Dogo kazaliwa 2001. Nikacheka, alafu nikalia kidogo kwenye ngazi za kazini, alafu nikatuma nakala ya pasi yake.

Pamoja na pasi wakataka uhusiano wetu, ushahidi wa uhusiano, kazi yangu, hela nimeipata wapi, ya nini, atakaa kule mpaka lini. Nikatuma vyeti vya kuzaliwa vyote viwili vyenye jina la mama yule yule, barua ya chuo, karatasi zangu tatu za mshahara, bili ya hosteli. Nikasubiri. Siku ya kumi na tisa hela ikarudi kwenye akaunti yangu, euro 361. Yaani imesafiri, imeulizwa maswali, imekataliwa, na bado imenidai nauli. Kwenye makato kuna ile fomu ya kuchagua nani analipa, mtumaji, mpokeaji au mgawane, nilikuwa nimeweka kugawana bila kuelewa, kila benki iliyoigusa ikajimegea chake.

Sasa niseme ukweli kuhusu wiki zilizofuata kwa sababu sijivunii. Kwenye makundi ya wanafunzi ya Telegram kulikuwa na watu wanaobadilishana, wewe unampa euro ndugu yake huku, yeye anampa ruble ndugu yako kule, hamna hela iliyovuka mpaka, kila mtu kafurahi. Mara ya kwanza na ya pili ilienda vizuri mpaka nikaona mi nilikuwa mjinga kuhangaika na benki. Mtu wa tatu akapokea euro 250 akafuta akaunti yake ya Telegram, usiku huo huo. Sawa, nikasema nimelipa ada ya shule. Wa nne akaleta ruble kweli, tena haraka, dakika kumi, tukamshukuru, na siku mbili baadaye benki ikafunga kadi ya Dogo.

Ile hela ilikuwa imetoka kwenye kadi ya mtu ambaye hamjui, mwanamke wa mji mwingine kabisa. Urusi wana sheria yao ya kupambana na utakatishaji wa fedha, wenyewe wanaiita tu kwa namba, 115, ya mwaka 2001, benki ikiona hela inaingia kutoka kwa watu usiowajua na kutoka haraka inakufungia na kukutaka maelezo. Akaandika barua kwa Kirusi akisaidiwa na mwalimu wake wa lugha, kwamba ni msaada wa familia. Familia ipi, wakamuuliza, huyu mama ni nani yako? Hakuwa na la kusema. Inawezekana yule mama alitapeliwa kwa simu na hela yake ndo ikafanywa ya kwangu, sitajua kamwe, ila wazo hilo lilinikosesha usingizi kuliko zile 250. Mtu anaweza akawa anakula kilio cha bibi wa watu bila kujua. Na mwanafunzi mgeni mwenye kesi ya namna hiyo hapotezi kadi tu, anaweza kupoteza viza na miaka yake ya masomo. Kuna wanafunzi walikuwa wanakodisha kadi zao kwa watu kwa ruble elfu kadhaa, wanawaita "dropu", na 2025 Urusi wameliingiza kwenye makosa ya jinai kabisa. Dogo hakukodisha, ila kwa macho ya benki alikuwa anafanana nao, na aliyemfananisha ni mimi.

Kripto nayo, zile sarafu za mtandaoni, nilishauriwa sana. Watu wanaongea kama ni uchawi, hamna benki hamna vikwazo. Mwisho wa siku ile sarafu lazima mtu kule aigeuze ruble, na anayeigeuza ni mtu yule yule wa Telegram na kadi ya mgeni yule yule. Tena sehemu za kubadilishia zenyewe zinaingia kwenye orodha, Garantex ya kule iliwekewa vikwazo na Marekani Aprili 2022, na Oktoba mwaka huo Ulaya ikapiga marufuku kuwapa Warusi na wakazi wa kule huduma za pochi za kripto kabisa. Nikaachana nayo kabla sijaanza, sina la kusimulia hapo zaidi.

Bahasha je? Nusura. Kuna kaka mmoja alikuwa anarudi Urusi kupitia Istanbul, akasema nipe tu nimpelekee, nikatoa euro 1,500 nikazifunga vizuri na barua ya mama ndani. Usiku ule nikasoma kwamba tangu Machi 2022 Ulaya imekataza kupeleka noti za euro Urusi, isipokuwa za matumizi binafsi ya msafiri mwenyewe na familia yake ya karibu anaosafiri nao. Za kwangu hazikuwa zake. Nikampigia asubuhi nikamwambia kaka nirudishie, akaniona mwoga. Miaka baadaye nikasoma kesi ya mwanamke aliyekamatwa na forodha uwanja wa Frankfurt akielekea Urusi kwa kupitia Istanbul hivyo hivyo, ana karibu euro 15,000 za matibabu yake mwenyewe, za mwili wake mwenyewe, wakamwachia kama elfu moja ya safari wakachukua nyingine, na 2025 mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ikasema matibabu hayaingii kwenye ule msamaha. Sasa kama za matibabu yake zimekataliwa, za hosteli ya mdogo wangu mfukoni kwa mwanaume mwingine zingeitwaje.

Kilichokuja kufanya kazi ni kitu kinachochosha hata kukisimulia. Agosti 2022 nikarudi benki ile ile, dirisha lile lile, nikaomba kuonana na mtu anayehusika na malipo ya nje, nikaenda na faili. Faili kweli, la karatasi. Nikamwambia simtumii mara moja, nataka kumtumia kila baada ya miezi miwili mpaka 2025, kiasi kile kile, mtu yule yule, naomba mnichunguze sasa hivi mmalize. Akaniangalia kama kichaa alafu akachukua faili. Zikapita wiki tatu. Kisha wakakubali, kwa euro siyo dola, maana dola lazima ipite mikononi mwa Wamarekani na hapo maswali yanaanza upya, na makato yote nilipe mimi. Kwenye sababu ya malipo mwanzoni nilikuwa naandika "msaada", neno moja, najiona mpole. Kumbe "msaada" ndo neno baya kuliko yote, msaada wa nani kwa nani? Nikawa naandika kama naandika kwenye daftari la shule: matumizi ya mdogo wangu wa kuzaliwa, mwanafunzi wa udaktari, kodi ya hosteli na chakula, Septemba na Oktoba. Na kabla ya kila kutuma, asubuhi yake, naingia kwenye orodha za Ulaya na za Marekani, zote ziko wazi bure kwenye mtandao, naandika jina la benki yake kuona kama imeingia. Dakika tano. Mara mbili nilichelewa kutuma kwa ajili ya tetesi, hakuna nilichopoteza.

Wapo walioniambia nigawe hela vipande vidogo vidogo ili mashine isishtuke. Mashine inashtuka na vipande ndo zaidi. Kiasi kimoja kinachojieleza kilipita, wakati rafiki yangu aliyekuwa anamtumia mkewe hamsini hamsini mara nne kwa wiki alifungiwa akaunti yake huku huku Ujerumani.

Isieleweke kwamba ikawa mteremko. Juni 2022 ruble ilikuwa imepanda vibaya mno, euro 300 zilikuwa kama ruble elfu kumi na sita hivi, tukabana, na Agosti 2023 euro moja ilikuwa imeshapita ruble 100, hela ile ile ikawa zaidi ya elfu thelathini, nikamwambia Dogo weka akiba, akanunua koti la baridi, sawa. Juni 24, 2023, siku ile wapiganaji wa Wagner, jeshi la kukodiwa la Warusi, walipoasi na kuelekea Moscow na ghala la mafuta likawaka moto pale Voronezh, nilikuwa na hela njiani na hata sikuikumbuka, nilikuwa nataka tu apokee simu. Akapokea saa tisa alasiri, alikuwa amelala, ametoka kufanya mtihani wa anatomia ya nini sijui.

Kilichobadilisha upepo tena ni Desemba 2023, Marekani ikatoa amri kwamba benki ya nchi yoyote ile ikionekana inasaidia miamala ya vita inaweza yenyewe kuwekewa vikwazo. Hiyo haikunihusu mimi na kodi ya hosteli, lakini benki za katikati hazina muda wa kutenganisha, zikaogopa zote. Muamala uliokuwa unachukua siku nne ukaanza kuchukua kumi na nne. Juni 2024 Marekani wakaweka vikwazo kwa soko la hisa la Moscow, kesho yake dola na euro zikaacha kuuzwa pale. Kila yakitokea mambo haya nilikuwa napigiwa simu na sauti mpya ya komplayansi, na mimi natoa faili lile lile, mpaka nikawa nimekariri namba za kurasa.

Upande wa Dogo nilikuja kuusikia taratibu, hakuwa ananiambia wakati ule. Kwamba kuna mwezi alikula hosteli kwa zamu na wenzake watatu, sufuria moja. Kwamba alibeba mizigo ya kupeleka majumbani baada ya vipindi, kisheria wanafunzi wa kutwa wanaruhusiwa kufanya kazi, ila barafuni na baiskeli ya kuazima siyo kazi ya mtu anayesoma usiku. Kwamba kwenye makundi yale yale ya Telegram, mtu akilalamika hana hela, ndani ya saa moja anaibuka mwingine na tangazo la kazi yenye mshahara mnono, haisemwi wapi, na ukiuliza sana unakuta ni mkataba wa jeshi. Hilo aliniambia mwaka jana tu, anaosha vyombo, kama jambo dogo. Nilikaa kimya muda mrefu. Zile siku kumi na tisa za Mei nilidhani nasubiri hela.

Alimaliza Julai 2025. Nikamtumia ya mwisho Juni, nauli ya treni mpaka Moscow na mizigo, ikafika siku ya saba, na hela nyingine ambayo hakuitarajia ikaingia nyuma yake, marejesho ya hosteli kutoka chuo, kwenye ile kadi ya Mir ya benki ya serikali. Akaondoka nazo hivyo hivyo. Sasa yuko nyumbani kwa mama, ana kadi yenye ruble elfu arobaini na moja na hakuna mashine hata moja huko nyumbani inayoitambua. Akanipigia video, "dada, na hizi nitazitoaje?" Nikamwambia muulize mwenye faili.

Tukaamua zimsaidie kijana mmoja aliyemwacha chumba cha pili, mwaka wa tatu, ambaye nyumbani kwao hawajapata njia. Dogo akafungua benki kwenye simu, laini yake ya kule bado inapokea namba za siri, akaandika namba ya simu ya yule kijana, maana humo ndani mwao wanatumiana kwa namba ya simu tu, akabonyeza. Nilikuwa bado namuuliza kama amehakiki jina, ujumbe ukaingia kutoka Voronezh, "imeingia kaka, ubarikiwe". Sekunde tatu, labda nne. Tukaangaliana kwenye skrini hatuna la kusema, na mama kutoka jikoni akauliza, "Imefika?"